Maana ya sanaa ya hadharani katika jiji la jangwani

Sanaa ya hadharani ni kazi ya sanaa iliyokusudiwa kukaa mahali ambapo mtu yeyote anapita bila kiingilio na bila mwaliko: kando ya barabara, bustanini, ufukweni, mbele ya hospitali, ukutani mwa handaki la magari. Inaweza kuwa sanamu, mchoro wa ukutani, chemchemi, mnara, au hata mpangilio wa vyuma na vioo katikati ya uwanda mtupu. Wengi huishia hapo, wakaona kwamba kazi ikishawekwa nje ya jengo basi tayari ni ya hadharani. Hilo halitoshi. Sanamu iliyo katika ua wa jumba la tajiri, hata ikipigwa na jua mchana kutwa, ni mali ya faragha iliyowekwa nje, na sanamu iliyo chini ya paa la kituo cha garimoshi ni ya hadharani kabisa. Kinachoamua ni namna mtazamaji anavyokutana nayo. Anayekwenda makumbusho amefunga safari kwa hiari yake ili aitazame sanaa. Katika sanaa ya hadharani, kazi ndiyo inayomkuta mtu akiwa katika shughuli zake, hakuiomba, na kesho itamkuta tena.

Dhana hii hujaribiwa vikali katika miji ya jangwani ya Rasi ya Uarabuni, ambako jua, chumvi na vumbi havimsamehe msanii, watu wengi husafiri ndani ya magari yenye viyoyozi, na desturi za dini huzitazama sanamu za viumbe kwa tahadhari. Huko, kila neno katika maelezo yaliyotangulia hugeuka kuwa swali: hadharani ni wapi, na umma ni nani?

Jeddah, nchini Saudi Arabia, ilianza mapema. Kati ya mwaka 1972 na 1986, wakati pato la mafuta lilipokuwa likiubadilisha mji ule wa bandari, meya wake, Mohamed Said Farsi, aliagiza mamia ya sanamu na kuzitawanya kwenye vipilefti, katika viwanja na kwenye barabara ya ufukweni ya Bahari ya Shamu. Baadhi zilitoka kwa mabingwa wa karne ya 20, akiwamo Henry Moore wa Uingereza, Joan Miró wa Hispania na Alexander Calder wa Marekani. Kazi zenye umbo la binadamu ziliepukwa, kwa hiyo zilizochaguliwa zilikuwa maumbo dhahania, au vitu vya kawaida vilivyokuzwa kupita kiasi, kama ile baiskeli kubwa iliyobuniwa na Julio Lafuente, msanifu majengo kutoka Hispania, ambayo ilikipa kipilefti chake jina. Kwa maoni yangu sharti hilo halikuwa hasara. Lilimlazimu meya kuchagua kazi zinazotegemea umbo, uzito na kivuli, na hizo ndizo zinazosomeka vizuri chini ya jua kali, mahali ambapo rangi huchujuka na nakshi ndogo ndogo humezwa na mwanga.

Hata hivyo, hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, upepo una mchanga, na kazi kadhaa za Jeddah zilichakaa vibaya kabla ya kufanyiwa ukarabati. Zaidi ya 20 miongoni mwa zilizo muhimu zilikusanywa katika bustani moja ya ufukweni na kufanywa makumbusho ya wazi ya sanamu. Bustani yenyewe ni nzuri na familia huenda kupunga upepo humo jioni. Lakini tukiwa wakali katika maana, kazi iliyoondolewa kwenye kipilefti ikapelekwa bustanini imebadilika kidogo: zamani ilimkuta dereva aliyekuwa akienda sokoni, na sasa inamngoja mtu aliyeamua kwenda.

Mfano ulio tajiri zaidi ni Doha, mji mkuu wa Qatar. Jiji hili hupata mvua isiyofikia milimita 100 kwa mwaka, na katika miezi ya Juni hadi Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Kwenye bustani ya Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, mwishoni mwa gati lililoingia baharini, umesimama mnara uitwao “7”, kazi ya Mmarekani Richard Serra, uliokamilika mwaka 2011. Ni mabamba saba ya chuma yaliyoegemeana kwenda juu hadi zaidi ya mita 24, na chini kuna nafasi ya kupenya na kuingia ndani. Aliyeingia na kuinua macho huona kipande cha anga kilichokatwa na kingo za mabamba. Serra alisoma minara mingi ya Kiislamu kabla ya kuubuni, na ule wa Ghazni, Afghanistan, ndio uliomvutia zaidi, kwa sababu umejengwa kwa pande bapa zinazokutana kwenye pembe badala ya kuwa mviringo.

Inafaa kukaa kidogo kwenye chuma chenyewe, kwa sababu ndicho kinachoonyesha jinsi mahali panavyoshiriki kuiumba kazi. Serra alitumia chuma ambacho hakipakwi rangi. Kimechanganywa na madini mengine kidogo, kama shaba na kromiamu, ili kutu ya kwanza ishikamane na uso wake na kuwa ngozi inayopunguza kasi ya kutu inayofuata. Ngozi hiyo hujengeka vizuri pale ambapo chuma kinalowa kisha kinakauka, kinalowa tena kisha kinakauka. Chumvi ikizidi, kutu hukosa kutulia na huendelea kula, na ndiyo maana kukisimamisha chuma cha namna hii kando ya bahari ni uamuzi unaohitaji uangalizi wa miaka mingi. Rangi yake nayo haitulii mara moja: huanza kijivu, ikaingia rangi ya chungwa, kisha hudhurungi iliyokolea. Tena chuma kinatanuka. Bamba lenye urefu wa mita 24, likipata joto la ziada la nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi alasiri, hurefuka kwa karibu milimita 9, na mhandisi asiyelihesabia hilo ataletewa nyufa kwenye viungo. Anayetaka kuligusa na alifanye asubuhi. Saa nane mchana wa Julai mkono hauvumilii.

Mwaka 2014 Serra alikamilisha kazi ya pili nchini Qatar, mbali na jiji, katika hifadhi ya Brouq karibu na Zekreet upande wa magharibi. Inaitwa “East-West/West-East”. Mabamba manne, mawili yenye kimo cha mita 14.7 na mawili ya mita 16.7, yamesimamishwa kwa mstari mmoja unaozidi kilomita moja, katika bonde lililo katikati ya vilima vya jasi. Vimo vinatofautiana kwa sababu ardhi nayo haiko sawa: vilele vya mabamba vimepimwa vilingane na vilima vya kando, hivi kwamba mtu akisimama mahali panapofaa huona vyote vikiwa usawa mmoja. Bila mabamba yale jicho lingeuona uwanda huo kuwa mtupu na usio na kipimo, lakini sasa umbali wake unaweza kukadiriwa kwa kutembea. Hapa sanaa haikuletwa kupamba jangwa. Imelipa jangwa rula.

Je, kazi ambayo unaifikia baada ya kuendesha gari umbali mrefu na kumalizia kwenye njia ya mchanga bado ni ya hadharani? Kisheria na kimatumizi ndiyo, kwani hakuna kiingilio wala saa za kufunga. Lakini kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, cha kazi kumkuta mtu asiyeiomba, imo pembezoni mwa maana. Swali hilo hilo linaihusu kazi ya msanii Olafur Eliasson iliyozinduliwa mwaka 2022 kaskazini mwa nchi, si mbali na magofu ya Al Zubarah. Ni vivuli 20 vya mviringo, na upande wa chini wa kila kimoja ni kioo kinachoitazama ardhi. Chini yake kuna nusu duara za chuma, ambazo zikiakisiwa huonekana kuwa duara kamili. Mtu akiinua uso hujiona amesimama kichwa chini juu ya mchanga, pamoja na nyayo zake na za waliomtangulia. Wakati huohuo amepata kivuli, na katika nchi ile kivuli peke yake ni sababu tosha ya mtu kusimama.

Ndani ya jiji, mtazamaji wa kawaida yuko nyuma ya usukani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humaliza mita 22 kila sekunde, kwa hiyo handaki la mita 200 linapitwa ndani ya sekunde 9 hivi. Msanii eL Seed, mwenye asili ya Tunisia, alipopewa kuta za njia za chini za barabara ya Salwa mjini Doha, alichora maandishi ya Kiarabu yaliyofumwa na kunyooshwa kwa ukubwa ambao jicho linaupata hata bila kupunguza mwendo. Dereva hasomi neno kwa neno. Anashika mkunjo na rangi, na anayepita hapo kila siku huujua mchoro kidogo kidogo kwa miezi. Zaidi ya hayo, handaki linaikinga rangi dhidi ya jua, na huo ni ujanja wa mahali ambao mchoro uliopo kwenye ukuta unaotazama magharibi hauwezi kuufaidi.

Sasa umma wenyewe. Oktoba 2013, kwenye barabara ya ufukweni ya Doha, iliwekwa sanamu ya shaba nyeusi yenye kimo cha mita 5 hivi, kazi ya Adel Abdessemed, mzaliwa wa Algeria, inayomwonyesha Zinedine Zidane akimpiga kichwa Marco Materazzi kama ilivyotokea katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2006. Haikumaliza hata mwezi. Baadhi ya watu walilalamika kwamba kusimamisha umbo la mtu hadharani kunakaribia ibada ya masanamu. Wengine walisema inatukuza ugomvi. Ikaondolewa, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba ingerudishwa, safari hii kwenye makumbusho ya michezo. Mwezi huohuo wa Oktoba 2013, mbele ya hospitali ya Sidra, zilizinduliwa sanamu 14 za msanii Mwingereza Damien Hirst zinazofuata safari ya mimba tangu kutunga hadi mtoto mchanga wa kiume mwenye kimo cha mita 14. Nazo zilifunikwa baadaye, maelezo yakiwa kwamba ujenzi wa hospitali ulikuwa haujaisha, na zikafunuliwa tena mwaka 2018. Wapo wanaoyataja matukio haya kama ushahidi kwamba sanaa ya namna hiyo haifai huko. Mimi naona yanaonyesha kinyume: kazi iliyo ndani ya ukumbi ingeweza kukaa miaka bila kumgusa asiyeipenda, ilhali hizi ziliwalazimu watu kusema wanataka kuona nini njiani mwao.

Lakini umma huo haujumuishi raia peke yao. Zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wa Qatar wametoka nchi nyingine, wakiwamo Wakenya na Waganda wengi wanaofanya kazi za ulinzi, udereva na hotelini. Mlinzi anayekesha zamu karibu na sanamu huitazama kwa saa nyingi kuliko mtalii yeyote, na mara nyingi ndiye anayemzuia mtoto asiipande. Uteuzi wa kazi hizi, hata hivyo, uko mikononi mwa mamlaka ya makumbusho ya taifa chini ya uenyekiti wa Sheikha Al Mayassa bint Hamad Al Thani, na wakazi hushirikishwa zaidi katika kutazama kuliko katika kuchagua. Upungufu huu si wa Doha tu, ila pale tofauti baina ya anayeagiza na anayepita ni kubwa kuliko kawaida.

Haifai pia kuchanganya sanaa ya hadharani na kila pambo la barabara. Wasomaji walioko Muscat wanakijua chetezo kikubwa cheupe kilicho juu ya kilima cha Riyam, karibu na Muttrah. Doha nayo ina chaza lake lililofunguka na lulu ndani, linalokumbusha uzamiaji wa lulu kabla ya mafuta. Hizi ni alama za mji: zinasema jambo ambalo kila mwenyeji analijua tayari, na thamani yake imo katika kutambulika mara moja. Kazi kama ya Serra, au kama “Tawazun” ya msanii wa Qatar Shua'a Ali katika mtaa wa Msheireb, iliyopangwa kwa mawe ya aina mbalimbali yaliyobebana, haielezi jambo lililokwisha kukubaliwa. Humwachia mpita njia kazi ya kuamua. Mpaka baina ya makundi haya unavuja, na chaza la Doha hupigwa picha kuliko kazi nyingi za wasanii maarufu.

Limebaki suala la matunzo, ambalo kwa kawaida hutajwa mwisho ingawa ndilo linalokula fedha. Kule Brouq, wageni wamekwaruza majina na maandishi kwenye mabamba ya Serra, na mkwaruzo juu ya kutu huonekana kwa mbali kwa kuwa unafunua tabaka la chini. Mamlaka imekuwa ikisafisha na kuonya kwamba uharibifu huo ni kosa la kisheria. Kutu mpya hufunika alama, lakini katika hewa kavu ya bara inachukua muda mrefu, na bamba lililosuguliwa hubaki na doa lenye rangi tofauti hadi hali ya hewa ilisawazishe.