Wati Nyingi Hazifyonzi Vumbi

Swali la kwanza la wateja wangu wa mashine za kufyonza vumbi hapa Mwanjelwa halibadiliki: "Fundi, hii ni ya wati ngapi?" Ukimjibu 1,200 anaiacha mezani na kuifuata ya 2,400. Baadaye mashine inarudi kwangu ikinuka kuungua, na lawama ni za "umeme wa Mbeya".

Wati zilizoandikwa ni umeme unaoliwa na mota. Basi. Hazisemi vumbi kiasi gani litatoka kwenye zulia. Mota hafifu hugeuza sehemu kubwa ya umeme huo kuwa joto na kelele, na LUKU haikuonei huruma: wati 2,000 kwa nusu saa ni uniti moja. Kinachofyonza ni vitu viwili vikiwa pamoja: mvuto, unaopimwa kwa kilopaskali, na hewa inayopita, inayopimwa kwa lita kwa sekunde. Zidisha moja kwa kingine upate wati za hewa. Kilopaskali 10 mara lita 30 ni wati 300 za hewa, na mashine ya umeme wa wati 1,200 iliyotengenezwa vizuri inaweza kuipita ya 2,400 inayovujisha hewa kila kiungo.

Ndiyo maana kipimo cha kiganja kinawadanganya watu dukani. Ukiziba mdomo wa mpira kwa mkono, mvuto unapanda hadi kilele, lakini hewa imesimama, na hewa iliyosimama haibebi hata unywele. Mluzi nao ni hivyo hivyo. Mashine ikianza kulia kwa sauti nyembamba, mteja hufurahi kwamba imechanganya. Imekabwa! Feni haina hewa ya kusukuma, mota inazunguka mbio kwa kukosa mzigo, na kwenye mashine nyingi za nyumbani hewa hiyo hiyo ndiyo inayoipoza. Harufu ya kuungua huanzia hapo.

Ulaya walishalimaliza hili. Tangu Septemba 2014 mashine za kawaida za nyumbani zinazouzwa huko zilitakiwa ziwe chini ya wati 1,600, na Septemba 2017 kikomo kikashuka hadi 900. Mazulia yao yanaendelea kusafishwa.

Boksi lililoandikwa "HP 5" ndilo linalonichosha kabisa. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo tano ni 3,730. Plagi yetu ya ampea 13 kwa volti 230 haivuki 2,990. Hiyo HP 5 ni namba ya kilele cha maabara. Geuza mashine, soma kibandiko cha chini.

Halafu kuna maneno mengine ya wateja. "Mfuko nautoa ukijaa." Utoe ukifika theluthi mbili. Udongo wetu huku Mbeya na Rungwe una majivu ya volkano, na vumbi lake la kiangazi ni laini kama unga wa sembe. Huziba vitundu vya mfuko kabla haujaonekana umejaa.

"Chujio linafuliwa tu." La sponji, sawa. La HEPA, lile la karatasi la kunasa vumbi laini kabisa, ukililoweka umelitupa. Na hilo la sponji likauke kabisa kabla ya kurudishwa, na kwa baridi ya Julai usitegemee jioni moja. Mimi humwambia kila mteja aulize bei ya chujio la akiba kabla ya kuuliza bei ya mashine. Duka lisipokuwa nalo, ondoka.

"Kichwa chochote kinafaa." Kwa sakafu ya vigae, labda. Zulia nene, kama haya tunayotandika kwa ajili ya baridi, linahitaji brashi inayozunguka ili ichokonoe mchanga ulioshuka kwenye mizizi ya nyuzi, na mkono uende taratibu. Wengi huivuta kama wanapiga deki.

"Itafyonza hata majivu ya jiko." Hapana, mama. Kaa moja lililo hai ndani linatosha kuwasha mfuko, na majivu baridi hukaba chujio haraka sana. Chukua ufagio na kizoleo.