Bruda Mpelelezi na Geti la Abasia

Nafundisha historia ya sheria za Ulaya ya Zama za Kati. Ukisema hivyo kwenye daladala, jirani yako anakutazama kwa huruma, kisha anauliza kama inalipa. Lakini shangazi yangu, ambaye ni sista wa Kibenedikto tangu kabla sijazaliwa, hajawahi kuuliza. Yeye huniletea maswali magumu kuliko ya wanafunzi wangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea riwaya mbili za Bruda Cadfael, yule mmonaki wa kubuniwa anayefichua wauaji katika Uingereza ya karne ya 12. Alizisoma kwa mwezi mzima, penseli mkononi. Aliponirudishia, pembeni mwa kurasa kulikuwa na vistari vidogo vimefungwa vitano vitano, kama vya mtu anayehesabu magunia ghalani.

"Shangazi, hivi ni vya nini?"

"Nilikuwa nahesabu, mwanangu. Kila mara huyu bruda anapotoka getini."

Sikuvijumlisha, lakini vilikuwa vingi. Na tangu siku hiyo nazisoma riwaya za aina hii kwa kipimo chake: geti likoje, nani ana ufunguo, na mtawa anatoka kwa ruhusa ya nani. Mwandishi anayelichukulia geti kama pambo tu huwa namwacha kwenye ukurasa wa hamsini.

Kwa asiyezijua riwaya hizi, kwa ufupi. Edith Pargeter, aliyeandika kwa jina la Ellis Peters, alitoa kitabu cha kwanza cha Cadfael mwaka 1977, na hadi 1994 vilifika riwaya 20. Abasia yake, yaani monasteri iliyo chini ya mkuu aitwaye abati, ni ya kweli: Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales, iliyoanzishwa 1083, na kanisa lake bado linasaliwa. Mwaka 1980 Umberto Eco akatoa Il nome della rosa, ambamo Mfransisko William wa Baskerville anachunguza vifo katika abasia ya kaskazini mwa Italia mwaka 1327. Baada ya hapo mlango ukafunguka: Bruda Athelstan, Mdominiko wa Paul Doherty jijini London, Sista Frevisse wa Margaret Frazer, Sista Fidelma wa Peter Tremayne kule Ireland. Wengine wamefuata, wazuri na wabovu.

Kwa nini watawa? Jibu la haraka ni kwamba walijua kusoma, walikuwa na bustani ya dawa na chumba cha wagonjwa. Ni kweli, lakini mimi nadhani sababu kubwa ni ratiba. Ulaya ile ilikuwa na sehemu chache mno ambamo ungeweza kusema mtu fulani alikuwa wapi saa fulani ya usiku. Abasia ilikuwa mojawapo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, ina sura 73, na sura ya 43 inahusu wachelewaji. Katika sala ya usiku, zaburi ya 94 kwa hesabu ya Kilatini isomwe polepole, ili waliolemewa na usingizi wapate kuwahi. Atakayeingia baada ya "Atukuzwe Baba" ya zaburi hiyo asiende kwenye nafasi yake. Asimame mwisho kabisa, wote wamwone. Na nafasi ya kila mmoja inajulikana, kwa sababu watawa hupangwa kwa tarehe waliyoingia utawani. Hiyo ni rejista ya mahudhurio, inayosomwa usiku wa manane, kila siku ya Mungu. Mpelelezi gani hapendi hilo?

Ila Kanuni hiyo hiyo inamfunga mikono. Sura ya 66 inataka maji, kinu, bustani na ufundi wote viwe ndani ya ukuta, ili wamonaki wasiwe na haja ya kuzurura nje. Sura ya 67 ni kali zaidi: ndugu akirudi kutoka safarini asithubutu kumsimulia mwenzake aliyoyaona au kuyasikia huko nje. Hebu fikiria mpelelezi asiyeruhusiwa kusimulia! Na baada ya sala ya mwisho ya siku, ni kimya mpaka asubuhi. Peters alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alimpa Cadfael kazi ya dawa, maana mgonjwa wa mjini ni sababu halali ya kufunguliwa geti, na akampa abati mwenye busara wa kufumba jicho moja. Shangazi anasema mabati wa aina hiyo ni adimu. (Abati wengi, anasahihisha. Mabati ni ya kuezekea.)

Sasa, katika maisha ya kweli nani alichunguza mauaji? Si mmonaki. Katika miaka ya Cadfael, kati ya 1137 na 1145, hiyo ilikuwa kazi ya sherifu, afisa wa Mfalme mkoani, na watu wake, kwa hiyo ni sahihi kabisa kwamba rafiki yake mkubwa, Hugh Beringar, yuko upande huo. Mwaka 1194 ndipo ikaanzishwa kazi ya afisa aliyeitwa korona, kutokana na neno la Kilatini la taji, kwa kuwa alilinda haki za Mfalme. Kirusi tunachokijua sote kimepewa jina kutokana na neno hilo hilo, kwa sababu ya umbo lake. Korona aliitwa maiti ilipoonekana. Maiti haikutakiwa kuguswa mpaka afike. Akifika, aliitazama uchi, akaliuliza jopo la watu wa vijiji vya karibu chini ya kiapo, na karani akaandika majeraha: liko wapi, urefu inchi ngapi, kina kiasi gani. Ukizisoma kumbukumbu hizo unaona jinsi zilivyo kavu. Mtu kapigwa shoka kichwani, jeraha limefika kwenye ubongo, shoka lina thamani ya senti kadhaa. Thamani iliandikwa kwa sababu chombo kilichoua kilitaifishwa, au fidia yake ikaenda kwa Mfalme. Uchunguzi wa kifo ulikuwa pia chanzo cha mapato.

Tena watawa mara nyingine walikuwa upande wa washukiwa. Mwaka 1303, Mfalme Edward I akiwa vitani Scotland, hazina yake iliyohifadhiwa ndani ya eneo la abasia ya Westminster ilivunjwa. Vyombo vya fedha vikaanza kujitokeza mjini, maafisa wakaapisha majopo, na ikaonekana wazi kwamba jambo kubwa kiasi hicho halikuweza kufanyika bila wenye nyumba kujua. Abati na wamonaki 48 wakapelekwa gerezani kwenye Mnara wa London. Richard Pudlicote, mfanyabiashara aliyefilisika, alidai alifanya yote peke yake. Alinyongwa, na wamonaki baadaye wakaachiwa. Nawaambia wanafunzi: hiyo ndiyo riwaya ambayo ningependa kuisoma, ya wizi, abati ndani, na bruda mmoja mnyofu anayejaribu kujua ni nani kati ya wenzake aliyefungua mlango.

Hapa kuna jambo linalonifanya nisizicheke riwaya hizi, pamoja na penseli ya shangazi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 13, kesi isiyo na ushahidi ilipelekwa kwa Mungu. Mshukiwa alishikishwa chuma cha moto, akatembea nacho hatua chache, mkono ukafungwa kitambaa, na baada ya siku tatu ukafunguliwa: jeraha likiwa safi, hana hatia, likiwa limeoza, ana hatia. Au alitumbukizwa majini. Akizama maji yamempokea, akielea yamemkataa. Sisi tuliosikia habari za mwavi, ile sumu ya kumjaribu mshukiwa, hatuna haja ya kushangaa. Jaribio hilo lilihitaji padri wa kubariki chuma au maji. Mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu chini ya Papa Inosenti III, ukawakataza mapadri kutoa baraka hiyo. Kanuni hiyo ya mtaguso, ya 18, ikamkataza pia mklero (mtu wa daraja takatifu) yeyote kutoa hukumu ya kumwaga damu au kuwapo inapotekelezwa.

Mfumo mzima ukayumba. Kufikia 1219 serikali ya Mfalme nchini Uingereza ilikuwa inawaandikia majaji nini cha kufanya na washukiwa, maana jaribio la moto limekufa na hakuna mbadala. Uingereza ikaangukia kwa majopo ya waliokula kiapo. Mahakama za Kanisa nazo zilikuwa na njia nyingine tayari, na mtaguso ule ule ukaiwekea taratibu: hakimu asisubiri mlalamikaji, aanze mwenyewe kuuliza, aite mashahidi, aandike majibu, ayalinganishe. Kwa Kilatini iliitwa inquisitio, maana yake uchunguzi tu. Ndiyo, ni neno lile lile lililokuja kuchomea watu moto. Ilianza kama njia ya kuwadhibiti maaskofu na abati waliokosa maadili, kisha ikageuzwa dhidi ya wazushi, yaani waliopinga mafundisho ya Kanisa.

Kwa hiyo mtawa anayehoji mashahidi si kichekesho. Eco alilijua hilo kuliko wote. William wake ni mhoji wa zamani aliyeiacha kazi, na anakutanishwa na Bernard Gui, mtu wa kweli, Mdominiko aliyekuwa mhoji mkuu kule Toulouse na kuandika kitabu cha mwongozo kwa wahoji. Wote wawili wana elimu moja na maswali yanayofanana. Mmoja anauliza ili ajue, mwingine anauliza ili apate jibu aliloingia nalo. Na Eco hampendelei shujaa wake: William anafika kwa muuaji kwa kufuata mpangilio ambao haukuwapo.

Kwa masista geti ni zito zaidi. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliagiza watawa wote wa kike wakae ndani daima. Utekelezaji ulilegalega, lakini mwandishi wa kweli hawezi kulipuuza. Frevisse, aliyewekwa Oxfordshire miaka ya 1430, hatoki hivi hivi. Lazima kuwe na msiba wa ukoo au shughuli ya nyumba, na kwa kawaida ana sista mwenzake pembeni. Frazer anaifanya safari yenyewe kuwa jambo la kujadiliwa, na ndiyo maana shangazi alimpa vistari vichache kuliko wote.

Na ukitaka upelelezi halisi katika nyumba za masista, upo kwenye daftari za maaskofu. William Alnwick, askofu wa Lincoln kuanzia 1436, alizungukia nyumba za jimbo lake, na kila sista aliitwa peke yake, karani akiandika. Wengine walijibu "yote ni mema", na hao ndio ningewahoji tena. Kule Ankerwyke mwaka 1441 hawakunyamaza: mama mkuu anavaa pete za dhahabu zenye vito, mikanda iliyopakwa fedha, shela za hariri. Ukisoma malalamiko hayo mfululizo unaanza kusikia sauti tofauti, nani ana hasira ya miaka na nani anasema kwa kuogopa. Hakuna aliyeuawa, lakini kuna kila kitu kingine.

Fidelma namweka kando kidogo, kwa sababu Ireland ya karne ya 7 ni ulimwengu mwingine. Yeye ni mwanasheria kabla ya kuwa mtawa, na sheria ya huko haikuona kitanzi kama jibu la kwanza. Muuaji na ukoo wake walilipa fidia, kwa hesabu ya ng'ombe. Msomaji anayejua diya atajisikia nyumbani kuliko msomaji wa Uingereza. Ila mwendo wa Tremayne wa kumtukuza shujaa wake kila sura unanichosha.

Swali la baada ya kumpata muuaji ndilo linalonirudisha kwa Cadfael, na hasa Monk's-Hood ya mwaka 1980 (asiyetaka kujua mwisho aruke). Mtu anakufa kwa chakula kilichotiwa mafuta ya kuchua viungo yenye mzizi wa akoniti, mmea wa sumu, mafuta aliyoyatengeneza Cadfael mwenyewe kwa ajili ya wazee wenye maumivu. Akoniti huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, kisha viungo, mwisho moyo hupoteza mapigo yake. Kwenye ngozi dawa, tumboni kifo. Cadfael anamfuata muuaji hadi Wales, anampata, na hamkabidhi kwa mtu wa kitanzi. Anampa malipizi ya maisha yote: aishi, atende mema kwa watu wengi kadiri awezavyo.

Kila nikifundisha Laterano hukisifu kipande hicho, kwa sababu kinaigusa kanuni ya 18 karibu miaka 80 kabla haijaandikwa. Kwenye nakala ya shangazi, ukurasa huo hauna vistari. Una alama ya kuulizia, kubwa, iliyokolezwa mara mbili.

"Huyu si padri," alisema nilipomwuliza. "Ni bruda. Malipizi anayatoa kwa mamlaka ya nani?"

Nikaanza kueleza: karne ya 12, mpaka wa Wales, ungamo lisilo la sakramenti halimfungi mtu ulimi kama linavyomfunga padri. Nilikuwa bado naeleza kengele ya Masifu ya Jioni ilipolia. Akainuka, akanirudishia kitabu, akaenda kusali.