Wiki Inaposuasua: Punguza Kazi Kabla ya Kununua Seva

Wiki ikifikisha maelfu ya kurasa na kuanza kusuasua, wasimamizi wengi hukimbilia seva kubwa zaidi. Kwa MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, pesa hiyo mara nyingi hupotea bure. Kinachochosha seva ni kuunda ukurasa: kufungua kila kigezo (kipande cha maandishi kinachoingizwa katika kurasa nyingi) kilichomo na kugeuza maandishi kuwa HTML. Kuutuma kwa msomaji ni kazi ndogo. Basi hakikisha ukurasa hauundwi upya bila sababu.

Washa OPcache ya PHP, lugha iliyotumika kuandika MediaWiki; huhifadhi msimbo uliokwisha kutafsiriwa. Kwa seva moja, weka APCu (akiba ndani ya kumbukumbu ya seva) na $wgMainCacheType = CACHE_ACCEL katika LocalSettings.php, faili la mipangilio ya wiki, lakini nakala za kurasa zielekeze kwenye hifadhidata kwa $wgParserCacheType = CACHE_DB, maana MB 32 za kawaida za APCu hujaa upesi. Ukiwa na seva kadhaa, tumia Memcached, programu ya akiba inayofikiwa kupitia mtandao, ili zote zichote akiba moja.

Nafuu kubwa kuliko zote huletwa na Varnish. Hukaa mbele ya seva na kumpa msomaji asiyeingia kwenye akaunti nakala iliyo tayari, PHP isiguswe kabisa. Washa $wgUseCdn, kisha taja anwani ya Varnish katika $wgCdnServers. Usipoitaja, agizo la kufuta nakala halitatumwa, na wasomaji wataendelea kuona maandishi ya kabla ya hariri. Chunguza pia viendelezi: kimoja tu kinachompa kila mgeni kidakuzi cha kikao kinatosha kuifanya Varnish isifae kitu, maana mwenye kidakuzi hicho hapewi nakala iliyo tayari.

Kuhariri kigezo kinachotumika katika kurasa 50,000 huzua foleni ndefu ya kazi. Kwa kawaida kazi hizo hutekelezwa wasomaji wanapofungua kurasa, nao ndio wanaocheleweshwa. Weka $wgJobRunRate = 0 na uendeshe runJobs.php, hati ya MediaWiki inayotekeleza foleni hiyo, kwa cron, programu ya seva inayoendesha amri kwa ratiba. Bila cron, jamii na viungo havitasasishwa.

Michael Jackson alipofariki tarehe 25 Juni 2009, hariri za mfululizo zilifuta nakala ya ukurasa wake tena na tena, na seva za Wikipedia zikawa zinauunda uleule kwa pamoja. Ndipo ikatengenezwa PoolCounter: mchakato mmoja huunda, mingine husubiri au hutoa nakala ya zamani.

Ukurasa ukibaki mzito, fungua chanzo chake cha HTML utafute “NewPP limit report”. Hapo vigezo vimepangwa kwa muda vinaoutumia. Vya juu kabisa ndivyo vya kuandikwa upya kwa Lua, lugha nyepesi ya programu.