Daraja la kulipia si daraja lililouzwa

Kuna ujumbe usiokufa kwenye magrupu: kwamba daraja la pwani likijengwa kwa ubia wa serikali na sekta binafsi, basi limeuzwa, na mwekezaji atatoza watu milele.

Sivyo. Kwa kawaida kampuni hupewa haki ya kujenga, kuendesha na kukusanya tozo kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Muda ukiisha, daraja hukabidhiwa serikali. Madaraja mawili ya Severn, kati ya England na Wales, yalirudi mikononi mwa umma Januari 2018, na Desemba mwaka huohuo tozo zikafutwa.

Mkanganyiko unaeleweka. Anayeona nembo ya kampuni kwenye kibanda cha tozo hudhani ndiyo yenye mali. Tena serikali inaweza kuendelea kutoza hata baada ya makabidhiano.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta kwenye mkataba, au muhtasari wake, vipengele vya muda, makabidhiano na upandishaji wa tozo. Humo ndimo lilimo swali zito zaidi, ambalo ujumbe ule hauligusi: magari yakipungua kuliko makadirio, nani atafidia? Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.