Hadithi ya Masala Kulangwa haiishii zimwi linapokufa

Wanafunzi wangu wa fasihi simulizi hapa Mwanza, hata wale ambao Kisukuma chao ni cha kuokoteza, wanaijua hadithi ya Masala Kulangwa. Ukimwambia mmoja asimulie, anaanza vizuri, anachangamka, na anakomea pale zimwi linapopasuliwa na watu wakatoka wazima. Darasa linapiga makofi. Mimi husema: endelea, hujamaliza. Wengi hawajui kwamba kuna kinachoendelea.

Zimwi lenyewe, Shing'weng'we, lilikuja likameza watu wote na mifugo yao yote. Akasalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la nyasi kavu. Akajifungua mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa. Mtoto akakua, siku moja akauliza: mama, watu wengine wako wapi? Akaambiwa wamemezwa. Basi akaingia porini kulisaka zimwi, asijue hata linafananaje. Akarudi na panzi: mama, Shing'weng'we ndiye huyu? Siye, mwanangu. Akarudi na ndege: ndiye huyu? Siye. Akarudi na swala mdogo. Siye. Msimulizi mzuri hana haraka hapa, anawaacha watoto wajibu "siye!" pamoja na mama, na kila mnyama anakuwa mkubwa kuliko aliyetangulia. Mwisho kijana akakutana nalo lenyewe, akaliua.

Sasa sikiliza. Alipokuwa akilipasua ili watu watoke, kisu kikamkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi hakushukuru. Alikasirika, akataka kumroga. Kijana hakumwambia "nimekuokoa, bado unalalamika?" Alitafuta dawa akamtibu. Ndipo watu wote wakamtawaza kuwa mtemi, yaani chifu wao.

Angalia mpangilio huo. Hakutawazwa baada ya kuua zimwi. Alitawazwa baada ya kutibu sikio.

Vitabu vyetu vya shule vinafundisha kwamba visasili, yaani hadithi za kale za namna hii, vilikuwepo ili kueleza asili ya vitu: kwa nini kuna kifo, kwa nini jua huzama. Ni kweli kwa sehemu, lakini maelezo hayo yanawafanya wazee wa kale waonekane kama watu waliokosa somo la sayansi tu. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyeishi na watu wa Visiwa vya Trobriand kule Pasifiki, aliandika mwaka 1926 kwamba kisasili hufanya kazi ya hati: kinaonyesha nani ana haki ya nini, na kwa masharti gani. Mimi nasisitiza hayo masharti. Watu wanakumbuka haki ya mtawala na kusahau deni lake.

Usukumani deni hilo halikuwa la maneno matupu. Mtemi alichaguliwa na baraza la wazee, banang'oma, na alibeba dhamana ya mvua. Mvua ikigoma, yeye ndiye aliyeulizwa, na watemi walipata kuondolewa kwa sababu ya ukame. Ukienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, utaona jengo la ngoma za watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Makumbusho hayo yalianzishwa na padri Mkanada, David Clement. Wageni wengi hupiga picha kiti na ngoma wakaondoka. Utawala wa machifu wenyewe ulifutwa na serikali mwaka 1963, lakini hadithi haikuhitaji tangazo la serikali ili iendelee kusimuliwa.

Zimwi linalomeza watu wote si mali ya Wasukuma peke yao. Basotho wanalo la kwao. Wagiriki walikuwa na Kronos, aliyemeza watoto wake mwenyewe mpaka Zeus, aliyefichwa na mama yake, akamtapisha ndugu zake. Na Unguja kuna Nunda, katika hadithi ya Sultani Majinuni iliyochapishwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870. Humo pia kijana anakwenda akiua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara anamwimbia mama yake kwamba ameua Nunda mla watu, na mama anamjibu siye. Kati ya Unguja na ziwa letu kuna safari ndefu, ila kulikuwa na misafara ya wapagazi kwa miaka mingi, na hadithi haina uzito kichwani. Sitaki kudai nani alimpa nani.

Kinachonivutia katika Nunda ni mwanzo wake. Kabla ya kuwa Nunda, alikuwa paka wa Sultani. Alipokula ndama, watu wakaenda kulalamika, Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Alipofika kwenye mbuzi, jibu likawa lilelile. Alipofika kwenye watu, vilevile. Mpaka alipokula watoto wa Sultani mwenyewe, ndipo ikaonekana kwamba huyu si paka tena. Weka hadithi hizo mbili pamoja: pwani, malalamiko yaliyopuuzwa yanazaa zimwi, Usukumani, zimwi likishakufa, lalamiko la kwanza linasikilizwa. Zinazungumza jambo moja, moja ikianzia mkiani.

Nani alisema mtawala kukumbushwa deni lake ni mambo ya vijijini tu? Babeli, mji mkubwa kuliko yote ya zama zake, walifanya sikukuu ya mwaka mpya iliyoitwa Akitu, mwezi wa Nisannu. Siku ya nne jioni, kuhani mkuu alisoma mbele ya sanamu ya mungu Marduk utenzi wa mabamba saba ya udongo, unaosimulia jinsi Marduk alivyomuua Tiamat, bahari ya kale, akampasua vipande viwili na kutengeneza mbingu na nchi. Marduk alipata ufalme wake kwa ushindi huo. Siku ya tano mfalme aliingia hekaluni Esagila. Kuhani akamvua taji na fimbo, akampiga kofi, akamvuta masikio, akampigisha magoti. Mfalme akiwa pale chini ilimpasa aape kwamba hakuuharibu Babeli, wala hakuwapiga makofi watu waliokuwa chini ya ulinzi wa mji. Akarudishiwa vitu vyake, kisha akapigwa kofi la pili. Machozi yakimtoka, mungu amefurahi. Yasipotoka, adui atakuja. (Masikio hayo ni sadfa tu. Mwanafunzi asiniandikie kwenye mtihani kwamba Wasukuma walitoka Babeli.)

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mambo haya yalitokea kweli. Kwa Shing'weng'we, sijali. Lakini ng'ambo ya ziwa, Katuruka karibu na Bukoba, Wahaya husimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Wazee walipomwonyesha mwanaakiolojia Peter Schmidt mahali penyewe, akachimba mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakuta mabaki ya kuyeyusha chuma ya karibu miaka 2,500 iliyopita. Rugomora aliishi zamani za karibu zaidi, kama karne ya 17. Maana yake ni kwamba ukoo wa wafalme waliokuja baadaye ulijitia ndani ya kumbukumbu ya wahunzi wa kale, ili nao waonekane wenyeji wa mahali patakatifu. Kisasili kilihifadhi habari ya kweli, na papo hapo kilitumika kumkuza mtu. Hata hivyo mnara ulianguka, na wasimulizi hawakukiondoa kipande hicho.

Kwa hiyo, ukienda kurekodi hadithi kwa bibi au babu yako, usizime simu pale zimwi linapokufa. Muulize: halafu ikawaje? Na kama anakwambia imeishia hapo, muulize kama kulikuwa na bibi mwenye sikio.