Kufunga Tovuti kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Anza na Akaunti ya Mtoto

Mzazi akitaka kuzuia tovuti fulani nyumbani, jambo la kwanza hukimbilia kutafuta programu ya kupakua. Asianzie huko. Aangalie kwanza mtoto anaingia kwenye kompyuta kwa akaunti gani. Nyumba nyingi kompyuta ni moja, akaunti ni moja, na akaunti yenyewe ni ya msimamizi, yenye mamlaka ya kubadili kila kitu. Mtoto akiwa humo, kizuizi chochote utakachoweka anaweza kukiondoa, na watoto wa siku hizi wanajua pa kubofya kuliko sisi.

Mfungulie akaunti yake ya kawaida. Ile ya msimamizi iwekee nywila asiyoijua, na tafadhali isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.

Hapo ndipo vizuizi vinaanza kuwa na maana. Mafundi wengi bado wanapenda njia ya zamani, faili liitwalo hosts, ambalo kwenye Windows limo katika folda ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Unalifungua kwa Notepad kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika 0.0.0.0, unaacha nafasi, kisha jina la tovuti. Kuanzia hapo kompyuta ikitafuta tovuti hiyo inapewa anwani isiyofika popote, na ukurasa haufunguki. Shida ni kwamba faili hili linafuata jina herufi kwa herufi: ukiandika lisilo na www, lenye www linabaki wazi. Kwa tovuti mbili tatu unazozijua linatosha. Kwa tovuti za ngono, ambazo kila siku zinazaliwa mpya, utaandika mpaka uchoke.

Ukitaka kufunga kundi zima, badili DNS. Hii ndiyo huduma inayoligeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake, na kwa kawaida unatumia ile ya kampuni inayokuuzia intaneti. Zipo zinazochuja, tena bure. Cloudflare wana 1.1.1.3 na 1.0.0.3, zinazozuia tovuti za ngono na zenye programu hasidi. OpenDNS wana 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Ukiziingiza kwenye ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, kila kifaa kinachotumia Wi-Fi hiyo kinachujwa, hata televisheni. Kama nyumbani mnatumia hotspoti ya simu, ziingize kwenye kompyuta yenyewe.

Wazazi wengi hapa kwetu, hata hivyo, wanaumizwa kichwa na kubeti kuliko ngono, na namba hizo za Cloudflare hazizuii kamari. OpenDNS wana huduma nyingine ya bure ambayo unajisajili na kuchagua makundi ya kufunga, kamari ikiwemo. Lakini inakutambua kwa anwani ya intaneti ya nyumba yako, na wanaotumia laini za simu mara nyingi wanagawana anwani moja na wateja wengine wengi, kwa hiyo kwao huwa haifanyi kazi vizuri. Walio na hali hiyo nawashauri Microsoft Family Safety: unamwekea mtoto akaunti ndani yake, unaandika tovuti za kufunga, au unaruhusu zile ulizozichagua tu. Kichujio chake kinafanya kazi kwenye kivinjari cha Edge.

DNS haioni kilichomo ndani ya tovuti. Ama unafunga YouTube yote, ama unaiacha yote. Video moja moja ni kazi ya mipangilio ya YouTube yenyewe.

Ukimaliza, ingia kwa akaunti ya mtoto ujaribu mwenyewe, kwa kila kivinjari kilichomo. Tovuti uliyoifunga ikifunguka, mshukiwa wa kwanza ni kivinjari: Chrome na Firefox vinaweza kutumia DNS yao iliyosimbwa na kuiruka ile uliyoiweka. Nenda sehemu ya faragha na usalama, tafuta DNS salama, uizime. Kisha kagua viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, maana VPN, inayopitisha intaneti njia nyingine na kukwepa vizuizi, huwekwa humo bila kuulizwa nywila ya msimamizi. Rudia ukaguzi huo mara kwa mara, kwa sababu vyote viwili mtoto anaweza kuvirudisha. Na kama ana simu yenye bando lake, hayo yote hayaigusi. Simu ina mipangilio yake ya udhibiti wa wazazi, na itabidi uishike mkononi uiweke.