Kadi tatu, mfanyakazi mmoja

Kesi nyingi zinazoletwa ofisini kwangu Jinja, Uganda, ni za tarehe. Kijana anaweka mezani kadi tatu za kiwanda kimoja: jina ni lake, picha ni yake, idara ni ileile ya kufungasha, ila kila kadi ina tarehe mpya ya kuanza kazi. Mwezi wa nne ukikaribia kwisha anaambiwa apumzike wiki moja, kisha anaandikwa upya kama mgeni.

Chanzo ni Kanuni za Ajira za 2011. Kanuni ya 39 hairuhusu mtu kuwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Akifika hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki za mwajiriwa: likizo ya malipo, notisi, na kwa mama, likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi. Kwa hiyo wajanja huhakikisha miezi minne haitimii.

Ujanja huu humrudia mwajiri mwenyewe. Kwenye meza moja ya kufungashia wamesimama mwenye mkataba na kibarua, maboksi ni yaleyale, malipo mbalimbali, na kila mmoja anajua anachopata mwenzake (kiwandani hakuna siri ya mshahara). Ibara ya 40 ya Katiba inadai malipo sawa kwa kazi sawa. Mshahara mdogo watu huuvumilia huku wakinung'unika. Kupunjwa mbele ya mwenzako hakuvumiliki. Walimu wa masomo ya sanaa, yaani yasiyo ya sayansi, walilipwa kidogo miaka mingi. Waligoma 2022, serikali ilipoamua kumpa mwalimu wa sayansi mwenye shahada shilingi milioni 4 na kuwaacha wao kwenye milioni moja na ushee.

Kima cha chini cha mshahara hakisaidii: ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, hazinunui hata kilo mbili za sukari. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais akakataa kuutia saini.

Yule kijana tulimpeleka kwanza kwa afisa wa kazi wa wilaya. Siku 90 zikipita bila uamuzi, Sheria ya Ajira ya 2006 inaruhusu kwenda mahakamani. Kadi zilikuwa zinamponza, maana zilionyesha ajira tatu. Ndiyo sababu nawasihi vibarua wasifute jumbe za malipo kwenye simu. Zake zilionyesha kwamba hata ile wiki ya kupumzika alilipwa kwa zamu za usiku, kutoka namba ya nyapara: ajira haikukatika.